Guillain-Barré: Kupooza kunakoanzia miguuni na thamani ya siku za mwanzo

Na Mwandishi Wetu

MIGUU mizito ni malalamiko ya kila siku katika mitaa ya Kariakoo. Mchukuzi aliyebeba marobota tangu alfajiri, mfanyabiashara ndogo ndogo aliyesimama kutwa nzima Mtaa wa Congo na mama lishe aliyeinama juu ya masufuria, wote hulala wakiwa hoi na kuamka wakiwa na nguvu mpya.

Uchovu wa namna hiyo hupungua mtu anapopumzika. Upo udhaifu mwingine ambao mapumziko hayausaidii. Huanza kwa ganzi au kuchomachoma kwenye nyayo. Kesho yake mtu hushindwa kupanda ngazi, keshokutwa hushindwa kuinuka kitini, na katika siku chache zinazofuata mikono, uso na hata misuli ya kupumua hulegea.

Huo ni ugonjwa uitwao Guillain-Barré, jina ambalo hutamkwa takriban "Giyan-Bare". Ni uvimbe wa mishipa ya fahamu unaosababishwa na kinga ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Ni ugonjwa adimu, na wengi wanaoupata hupona. Lakini ili apone, mgonjwa anapaswa kuwa mikononi mwa wauguzi kabla pumzi haijamwishia, na hapo ndipo siku za mwanzo zinapokuwa na thamani kuliko dawa yoyote.

Kinga inapokosea adui

Mishipa ya fahamu inaweza kufananishwa na nyaya za umeme. Katikati kuna uzi unaopitisha ujumbe kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo hadi kwenye misuli, na nje kuna ala ya mafuta iitwayo mayelini, ambayo huufanya ujumbe huo usafiri kwa kasi.

Mwili unapovamiwa na vijidudu, mfumo wa kinga hutengeneza kingamwili, ambazo ni askari maalumu wa kuwatambua na kuwaangamiza wavamizi. Tatizo hutokea pale ambapo gamba la kijidudu linafanana na kitu kilicho juu ya mishipa ya fahamu.

Ni kama mlinzi wa soko aliyeambiwa amkamate mwizi mwenye shati jekundu. Mwizi akishatoroka, mlinzi huendelea kuwakamata wateja wasio na hatia kwa sababu tu ya rangi ya mashati yao. Kingamwili nazo huishambulia ala ya mayelini, na kwa baadhi ya wagonjwa huushambulia uzi wenyewe. Ujumbe hukwama njiani na misuli hubaki bila amri.

Mishipa mirefu zaidi ni ile inayofika kwenye nyayo, na kwa kawaida dalili huanzia huko na kupanda juu. Akili haiguswi. Mgonjwa hufahamu kila kinachotokea, hata pale anaposhindwa kufumba jicho.

Ugonjwa ulioelezwa vitani

Mwaka 1859 daktari Mfaransa, Jean Landry, alieleza habari za wagonjwa waliopooza kuanzia miguuni kwenda juu. Mwaka 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wafaransa wengine watatu, Georges Guillain, Jean-Alexandre Barré na André Strohl, waliwaelezea askari wawili waliolegea miguu na mikono kisha wakapata nafuu.

Madaktari hao walipopima maji ya uti wa mgongo walikuta protini nyingi bila ongezeko la chembechembe nyeupe za damu. Kipimo hicho kingali kinatumika hadi leo, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Mtu asidhani kuwa huu ni ugonjwa wa Ulaya. Mwaka 1996 daktari William Howlett wa Hospitali ya KCMC mjini Moshi, pamoja na wenzake, walichapisha utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa Guillain-Barré wa kaskazini mwa Tanzania na wale wa magharibi mwa Norway. Ugonjwa upo nchini, na umejulikana kwa wataalamu wetu kwa miongo kadhaa.

Duniani kote hukadiriwa kuwa mtu mmoja au wawili kati ya kila watu 100,000 huupata kila mwaka. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kwa kipimo hicho cha dunia, jiji hili lingetarajiwa kuwa na wagonjwa kati ya 50 na 100 hivi kwa mwaka. Ni wachache katika jiji kubwa, lakini ni takriban mgonjwa mmoja au wawili kila wiki.

Kuhara, mafua, kisha ganzi

Takriban theluthi mbili ya wagonjwa hukumbuka kuwa waliugua kitu kingine katika wiki sita zilizotangulia, mara nyingi kuhara au mafua na kikohozi. Wakati ganzi inapoanza, ugonjwa ule wa kwanza huwa umekwisha na umeshasahaulika. Ndiyo maana daktari atauliza kuhusu tumbo la wiki mbili zilizopita, ingawa mgonjwa amekuja kwa sababu ya miguu.

Kijidudu kinachotajwa zaidi ni bakteria aitwaye Campylobacter jejuni, anayeishi katika matumbo ya kuku na wanyama wengine na kumwingia binadamu kupitia nyama isiyoiva vizuri, maziwa yasiyochemshwa au maji machafu.

Katika jiji ambako kuku huuzwa wakiwa hai na kuchinjwa palepale sokoni, jambo hili linastahili kuangaliwa bila kuzua hofu. Inakadiriwa kuwa kati ya watu 1,000 wanaougua kwa bakteria huyo, mmoja hivi ndiye anayepata Guillain-Barré. Kuku hana kosa akiiva vizuri. Hatari ipo katika kisu kilekile kilichokata kuku mbichi kutumika kukatia kachumbari bila kuoshwa.

Virusi navyo vimo katika orodha. Mlipuko wa Zika katika visiwa vya Polinesia ya Ufaransa mwaka 2013 na 2014 ulifuatiwa na ongezeko la wagonjwa wa Guillain-Barré. Homa ya dengi, ambayo ililikumba Jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, imewahi kutajwa kuwatangulia baadhi ya wagonjwa, ingawa kwa nadra. Maambukizi ya Virusi Vya Ukimwi (VVU) yanaweza pia kujitokeza kwanza kwa sura hii, na kwa sababu hiyo kila mgonjwa hupimwa.

Ugonjwa wenyewe hauambukizi. Mke, watoto na wapangaji wenzake hawana haja ya kumwogopa mgonjwa wala kutenga vyombo vyake.

Dalili za kuangalia

Dalili ya kwanza huwa ni ganzi, kuchomachoma au maumivu ya mgongo na mapaja. Kisha hufuata udhaifu unaoshika pande zote mbili za mwili kwa kiasi kinachokaribiana. Hapo ndipo ugonjwa huu unapotofautiana na kiharusi, ambacho kwa kawaida hushika upande mmoja, tena kwa ghafla ya dakika chache.

Kwa wagonjwa wengi udhaifu hufikia kilele ndani ya wiki mbili, na takriban wote ndani ya wiki nne. Wengine hupooza uso pande zote mbili, hupaliwa na maji wanapokunywa, au huona vitu viwili viwili.

Dalili zinazotaka mgonjwa akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo ni kushindwa kuinua kichwa kutoka kwenye mto, sauti kuwa ndogo, kushindwa kukohoa kwa nguvu, kupaliwa na mate na kukosa pumzi anapolala chali. Mapigo ya moyo kwenda ovyo na shinikizo la damu kupanda na kushuka ni hatari nyingine, kwa kuwa mishipa inayoendesha viungo hivyo bila hiari yetu nayo hushambuliwa.

Kipo kipimo chepesi kinachotumiwa hata na madaktari. Mgonjwa huvuta pumzi ndefu, kisha huhesabu kwa sauti moja, mbili, tatu, bila kuvuta tena. Mtu mzima mwenye afya huweza kupita 40. Anayeishia chini ya 20 yuko hatarini, na anayehesabu pungufu kila anapopimwa yuko hatarini zaidi. Hata hivyo, kuhesabu vizuri nyumbani leo kusiwe sababu ya kutokwenda hospitali, kwa kuwa hali hubadilika kwa saa chache.

Siku zinazopotea

Kati ya ganzi ya kwanza na kitanda cha hospitali, mgonjwa wa mjini huwa na milango mingi ya kubisha. Lipo duka la dawa la jirani, ambako atapewa dawa ya maumivu na vidonge vya vitamini. Yupo mkandaji. Wapo pia ndugu watakaosema kuwa mtu hawezi kupooza hivi hivi, lazima ametupiwa kitu, na safari ya kwa mganga huanza.

Si vigumu kuelewa kwa nini fikra hiyo huja. Kijana aliyekuwa akibeba magunia juzi, leo hawezi kubeba kikombe, na hakuna jeraha wala homa. Ugonjwa usioonekana hutafutiwa mkono usioonekana. Lakini kingamwili hazingoji kikao cha ukoo kimalizike. Mgonjwa akilazwa kwenye mkeka wa mganga siku tatu, siku hizo zinaweza kuwa zile ambazo misuli ya kifua inalegea.

Onyo lingine linahusu dawa za jamii ya steroidi, kama vile prednisoloni na deksamethazoni. Zinasaidia katika magonjwa mengi ya uvimbe, na ni rahisi kudhani kuwa zitasaidia hapa pia. Majaribio yaliyofanywa katika nchi mbalimbali yameonyesha kuwa hazimsaidii mgonjwa wa Guillain-Barré, na zikimezwa kienyeji zinaweza kumchelewesha na kumdhuru.

Namna ugonjwa unavyotambuliwa

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema "huyu ana Guillain-Barré". Daktari hujenga jibu kutokana na historia ya mgonjwa, uchunguzi wa mwili na vipimo kadhaa.

Chombo muhimu cha kwanza ni kinyundo kidogo cha mpira. Kikigongwa chini ya goti la mtu mzima wa afya, mguu huruka wenyewe. Kwa mgonjwa huyu mguu hubaki kimya au hujibu kwa unyonge. Kipimo hicho kinaweza kufanyika hata katika zahanati.

Kinachofuata ni kuchukua maji ya uti wa mgongo kwa sindano. Watu wengi hukiogopa kipimo hiki wakiamini kuwa ndicho kinacholemaza. Ukweli ni kwamba sindano huingizwa sehemu ya chini ya kiuno, chini ya pale ambapo uti wenyewe umeishia. Mgonjwa wa Guillain-Barré alikuwa amekwishaanza kupooza kabla ya sindano, na anapoendelea kupooza baada yake, sindano hubebeshwa lawama isiyo yake.

Protini katika maji hayo inaweza kuwa ya kawaida katika wiki ya kwanza, hivyo jibu zuri la mapema haliondoi ugonjwa. Zikikutwa chembechembe nyeupe nyingi, daktari hutafuta chanzo kingine, yakiwemo maambukizi ya VVU. Katika hospitali zenye kifaa, hupimwa pia kasi ya umeme ndani ya mishipa.

Kazi nyingine ni kuondoa magonjwa yanayofanana. Upungufu wa potasiamu katika damu hulegeza misuli na hutibika kwa saa chache. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na uvimbe wa uti wenyewe hupoozesha miguu, na mara nyingi huzuia mkojo mapema na kuacha mpaka kwenye kiwiliwili ambao chini yake mgonjwa hahisi kitu. Sumu ya nyoka, sumu za viuadudu na kichaa cha mbwa navyo hukumbukwa.

Watanzania wanao mfano mwingine wa kupooza uliochunguzwa hapa nchini. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wilayani Tarime, Mkoa wa Mara, walipooza miguu baada ya kula mihogo michungu isiyoandaliwa ipasavyo. Ugonjwa huo, konzo, huikaza miguu. Guillain-Barré huilegeza. Tofauti hiyo moja humwongoza daktari njia ya kufuata.

Mtoto akilegea ghafla

Kwa mtoto wa chini ya miaka 15, kulegea ghafla kwa mguu au mkono ni jambo la kutolewa taarifa serikalini hata kama daktari ana uhakika kuwa ni Guillain-Barré. Sababu ni polio.

Tanzania haijaona mgonjwa wa polio ya virusi vya asili tangu mwaka 1996. Lakini virusi vya asili vilipatikana Malawi mwaka 2022, na mwaka 2023 Tanzania yenyewe ilithibitisha mgonjwa mkoani Rukwa aliyepata polio itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika, jambo linalotokea pale ambapo watoto wengi hawajachanjwa.

Ulinzi hufanywa kwa kuchukua sampuli mbili za choo cha mtoto, zikipishana walau saa 24, ndani ya siku 14 tangu alipolegea. Mzazi anayechelewa kumpeleka mtoto hospitali huinyima nchi nafasi ya kujua kama polio imerejea.

Tiba mbili zenye uthibitisho

Tiba ya kwanza ni kubadilisha plazma, yaani yale maji ya damu yanayobeba kingamwili. Damu hutolewa, plazma hutenganishwa na kutupwa, na chembe za damu hurudishwa mwilini pamoja na maji mbadala. Kwa kawaida hufanyika mara tano hivi katika wiki mbili.

Ya pili ni kuingiza mshipani dawa iitwayo imunoglobulini, ambayo hutengenezwa kwa kukusanya kingamwili kutoka kwa maelfu ya wachangia damu wenye afya. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 1992 ulionyesha kuwa haizidiwi na kubadilisha plazma. Kuzitumia zote mbili pamoja hakuongezi faida.

Kikwazo ni gharama. Kipimo cha kawaida ni gramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku tano. Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji gramu 24 kwa siku, sawa na gramu 120 kwa jumla, ambazo ni chupa 12 za gramu 10. Dawa hiyo ni ghali na haikai kwenye rafu za kila hospitali. Ndugu wanapaswa kuuliza siku ya kwanza kama ipo, kama bima ya mgonjwa inaigharamia, na kama ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali inaweza kusaidia. Tiba hii hufaa zaidi ikianza ndani ya wiki mbili.

Nchi zenye uwezo mdogo zinatafuta njia. Bangladesh ilichapisha mwaka 2018 matokeo ya jaribio la kubadilisha plazma kidogo kidogo kwa wagonjwa 20, bila mashine kubwa, kwa kuiacha damu itulie ndani ya mfuko na kuondoa maji yaliyojitenga juu. Ilionekana kuwezekana na kuwa salama, ingawa bado inahitaji kuthibitishwa kwa wagonjwa wengi zaidi. Ni jambo ambalo hospitali zetu zinaweza kulifuatilia kwa makini.

Uuguzi ndio unaookoa

Pamoja na sifa za dawa hizo, zinachofanya ni kuharakisha kupona. Kinachomzuia mgonjwa asife ni uangalizi. Takriban mmoja kati ya wanne huhitaji mashine ya kupumulia, na huwekwa mashine hiyo salama zaidi pale inapoandaliwa mapema kuliko anapokuwa tayari anatapatapa.

Mengine ni kazi za saa kwa saa: kupima pumzi na mapigo ya moyo, kumgeuza mgonjwa ili asipate vidonda, kumlisha kwa mrija anaposhindwa kumeza, kuzuia damu isigande miguuni, kutuliza maumivu na kunyoosha viungo ili visikakamae. Katika wodi zetu, ndugu ndio mikono ya ziada ya muuguzi, na wakifundishwa huweza kufanya mengi ya hayo.

Ndugu hao wakumbuke pia kuwa mgonjwa aliye kwenye mashine anasikia. Asizungumziwe habari za mazishi wala madeni juu ya kitanda chake. Kama anaweza kufumba jicho, mkubaliane kuwa mara moja ni ndiyo na mara mbili ni hapana.

Wakazi wa katikati ya jiji wana bahati ya ukaribu. Kutoka Kariakoo, Hospitali ya Taifa Muhimbili iko Upanga, na idara yake ya magonjwa ya dharura imekuwa ikipokea wagonjwa tangu mwaka 2010. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zinaweza kumpokea mgonjwa, kumpima na kumpa rufaa. Madaktari bingwa wa mishipa ya fahamu bado ni wachache nchini, hivyo mara nyingi daktari wa kawaida ndiye atakayeutambua ugonjwa huu kwanza. Mgonjwa humsaidia kwa kueleza mambo matatu: ganzi ilianza siku gani, imepanda hadi wapi, na aliugua nini kabla yake.

Safari ya kupona

Baada ya kilele, hali hutulia kwa siku au wiki kadhaa, kisha nguvu hurudi taratibu. Baadhi hutembea baada ya wiki chache, wengine baada ya miezi, na nafuu huweza kuendelea hata baada ya mwaka. Mmoja kati ya watano hivi huwa bado hawezi kutembea bila msaada miezi sita baadaye. Hata katika nchi tajiri, kati ya asilimia 3 na 7 ya wagonjwa hufariki dunia.

Mazoezi ya viungo chini ya mtaalamu ni sehemu ya tiba, na familia ijiandae kwa safari ndefu kuliko siku za wodini. Ugonjwa kurudi ni nadra. Kama udhaifu unaendelea kuongezeka baada ya wiki nane, daktari hufikiria ndugu wa ugonjwa huu aliye wa kudumu, ambaye tiba yake ni tofauti na ambaye dawa za steroidi humsaidia.

Kwa msomaji, la kukumbuka ni moja. Ganzi inayopanda kutoka miguuni, ikifuatana na udhaifu wa pande zote mbili unaozidi siku hadi siku, si jambo la kungojea Jumatatu. Mgonjwa apelekwe hospitali yenye kitanda cha kulaza akiwa bado anatembea kwa miguu yake.